Samaki Wanapokufa Baada ya Tangi Kuhamishwa
Samaki wa tangi la kioo wakianza kufa siku chache baada ya kuhamishiwa nyumba nyingine, mshukiwa wa kwanza ni amonia. Sumu hii hutokana na kinyesi na mabaki ya chakula, na kwa kawaida bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Sifongo ya chujio ikikauka njiani, au ikioshwa kwa maji ya bomba yenye klorini, bakteria hao hufa. Maji hubaki maangavu kabisa, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Samaki walioathiriwa na amonia huhema karibu na uso wa maji, matamvua yakiwa mekundu. Samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa wamo hatarini zaidi, kwa kuwa maji wanayoyahitaji yana pH ya juu, inayoongeza ukali wa amonia.

Kipimo cha maji ndicho kiamue, si macho. Amonia au nitriti ikionekana, robo hadi nusu ya maji ibadilishwe kila siku kwa maji yaliyoondolewa klorini, yenye joto lilelile, na chakula kipunguzwe. Kumwaga dawa kwa kubahatisha ni kosa, maana baadhi huua hata bakteria waliosalia. Anayejiandaa kuhama aisafirishe sifongo ikiwa imeloa maji ya tangi lenyewe.