Usiongeze Waya Nyumbani Kabla ya Kusoma Haya

Ndugu mkulima, tangu Mradi wa Last Mile uanze mwaka 2015, stima imefika katika nyumba nyingi za Kwale ambazo zamani ziliwashwa koroboi. Fundi alikuja, akatandaza nyaya, akaweka taa chache na soketi moja au mbili. Cheti kikaandikwa, mita ikafungwa. Siku ile kila kitu kilikuwa sawa.

Lakini mji wa mkulima haukai vile vile. Leo wataka taa katika banda la kuku. Kesho wataka pampu kisimani. Kesho kutwa kijana wako ameoa, amejenga upande wa pili wa shamba, naye ataka stima. Basi huitwa jirani "anayejua-jua", waya hununuliwa dukani Ukunda au Msambweni, na kazi huisha kabla ya alasiri. Hakuna aliyearifiwa, wala karatasi iliyoandikwa.

Hapa twakueleza ni kazi gani waweza kufanya mwenyewe, ni ipi yataka fundi mwenye leseni, na ni ipi yakupasa kuiarifu Kenya Power kwanza.

KWA NINI KAZI NDOGO YAWEZA KULETA MSIBA

Watu wengi hudhani kwamba fyuzi itawaokoa. Sivyo. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya usiungue; haikuwekwa kumlinda mtu. Fyuzi kubwa ya plagi ni ya ampea 13, hali mtu aweza kuuawa na umeme wa sehemu moja tu ya kumi ya ampea moja. Utakuwa umekwisha kufa na fyuzi bado nzima.

Mtu hulindwa na vitu viwili. Cha kwanza ni waya wa ardhi, ule wenye rangi ya kijani na manjano. Huo hutoka kwenye chuma cha pampu au cha pasi ukaenda mpaka kwenye fimbo iliyopigwa ardhini, ili umeme ukivuja upite huko badala ya kupita mwilini mwako. Cha pili ni swichi ya usalama, ambayo mafundi huiita RCD. Iliyo ya kuwalinda watu hukata umeme kwa kufumba na kufumbua, mara uvujapo kiasi cha sehemu 30 za elfu za ampea.

Sasa tazama ardhi yetu. Huko Diani na Msambweni pana mchanga na mawe ya matumbawe, na wakati wa kaskazi mchanga hukauka kabisa. Mchanga mkavu haupokei umeme vizuri. Fimbo fupi iliyofaa wakati wa masika yaweza kuwa haina kazi mwezi wa Februari. Kwa hivyo haitoshi kuiona fimbo kwa macho. Ni lazima fundi aipime kwa chombo chake. Tena usimwache mtu afunge waya wa ardhi kwenye bomba la maji, kwa kuwa mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki.

Hewa ya bahari nayo ina chumvi. Hula skrubu na maungio ya nyaya. Ungio lililolegea hupata moto, na kama liko chini ya makuti makavu, nyumba nzima huenda kwa dakika chache.

FANYA HESABU HII

Stima ya nyumbani ni volti 240. Ampea 13 mara volti 240 ni wati 3,120. Huo ndio mwisho wa soketi moja. Sasa mtu avuta waya mrefu kutoka soketi hiyo, auchomeke birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,000 na pampu ya wati 750. Jumla ni wati 3,750. Fyuzi yaweza kukatika, na ni vyema ikatike. Hatari huanza pale mtu anapochoka kununua fyuzi akaweka kipande cha waya au msumari. Tangu siku hiyo, kitakachokatika kwanza ni waya wenyewe, ndani ya ukuta au juu ya dari.

KAZI ZA AINA TATU

1. Kazi yako mwenyewe. Waweza kubadili globu, baada ya kuzima swichi kuu. Waweza kutia fyuzi mpya katika plagi, ikiwa ni ya kipimo kile kile. Waweza kufunga plagi mpya katika kamba ya pasi, ikiwa haijachomekwa.

2. Kazi ya fundi mwenye leseni. Nyaya zilizofungwa katika nyumba ni za fundi aliyepewa leseni chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Mwenye kutoa leseni ni Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, yaani EPRA. Kuongeza soketi, kuhamisha swichi, kupeleka taa bandani, kuweka stima bafuni au kubadili kisanduku cha fyuzi, zote ni kazi zake. Usiseme, "Ni soketi moja tu."

3. Kazi ya kuiarifu Kenya Power kwanza. Iarifu kabla ya kuongeza mzigo mkubwa wa stima, kama mashine ya kusaga, mashine ya kuchomelea vyuma au jiko la stima. Iarifu kabla ya kupeleka stima katika nyumba ya pili, hata ikiwa ni ya mwanao na iko katika shamba lako. Utaambiwa kama mita yako yatosha au kama yahitajiwa mita nyingine. Kumvutia jirani waya kutoka mita yako hairuhusiwi. Mita na lakiri yake ni mali ya Kenya Power. Wewe wala fundi wako msiviguse.

KARATASI YA KUDAI

Kabla ya kazi, mwombe fundi akuonyeshe leseni yake. Tazama jina, namba, na tarehe ya mwisho. Linganisha jina hilo na kitambulisho chake. EPRA hutangaza orodha ya wenye leseni, na kijana mwenye simu ya intaneti aweza kukutazamia. Fundi wa kweli hatachukia.

Baada ya kazi, asiondoke kabla ya kupima. Halafu akuandikie cheti cha kumaliza kazi chenye sahihi yake na namba ya leseni. Hata kazi ikiwa ndogo, dai karatasi yenye mambo haya: tarehe, kazi iliyofanywa, unene wa waya uliotumiwa, na vipimo alivyovipata. Iweke pamoja na hati ya shamba.

Faida yake ni kubwa. Fundi wa pili atajua waya gani wapita wapi. Mambo yakiharibika, utajua ni nani wa kuulizwa. Na huyo atiaye sahihi, akijua kwamba jina lake limebaki nyumbani kwako, hufanya kazi kwa uangalifu zaidi.

KAMA UMEKWISHA KUONGEZA

Huenda wasoma haya na waya wa banda lako tayari umening'inia juu ya mkorosho. Usione haya. Uchomoe leo, kisha mwite fundi mwenye leseni aukague kabla ya mvua za masika. Ukiona waya wa Kenya Power umeanguka, waweke watoto na mifugo mbali, usiuguse hata kwa kijiti, na upige simu 97771.

Gharama ya fundi ni ya siku moja. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa stima, huenda usipate nafasi ya kuujenga.