Mwanga hauna pa kusubiri

Picha unayomtumia ndugu yako London kutoka Dar husafiri sehemu kubwa ya njia ikiwa mwanga, ndani ya faiba: uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Shida ni kwamba mwanga hufifia. Katika faiba ya kawaida, baada ya kilomita 100 unabaki takriban asilimia 1 tu.

Zamani ilibidi ugeuzwe umeme, ukuzwe, kisha urudishwe kuwa mwanga. Mwaka 1987, timu ya David Payne huko Southampton, Uingereza, ilionyesha njia nyingine: changanya erbiamu kidogo sana kwenye kioo. Leza ya pembeni inazijaza atomi za erbiamu nishati, nazo zinaishikilia kwa takriban milisekunde 10. Ishara ikipita, zinaiachia kama nakala ya mwanga uleule. Hakuna umeme katikati.

Basi si tayari tuna kumbukumbu? Hapana, na hapa wengi tunachanganya mambo. Kilichohifadhiwa ni nishati, sio ujumbe. Kwenye ruta, data inapotakiwa kupanga foleni, bado tunaigeuza umeme. Ukitaka kuichelewesha ikiwa mwanga, uizungushe kwenye faiba ndefu: kilomita 1 inakupa mikrosekunde 5. Milisekunde moja tu inadai kilomita 200!

Mwaka 2015, watafiti wa Calgary, Kanada, waliipoza faiba yenye erbiamu hadi chini ya nyuzi -270 za Selsiasi, wakahifadhi mwanga ndani ya atomi zenyewe. Fikiria wapiga ngoma watatu wanaoanza pamoja: mmoja anapiga mara 2 kwa sekunde, mwingine 3, mwingine 4. Wanapishana, halafu kila baada ya sekunde wanakutana tena. Atomi nazo zilipangwa hivyo. Zinapokutana, zinautema mwanga ulioingia, ukiwa na tabia zake za kikwantumu.

Muda wenyewe ulikuwa nanosekunde chache. Utasema, mbona hata mita moja ya faiba inachelewesha mwanga nanosekunde 5? Kweli kabisa. Tofauti ni kwamba faiba tupu haina kitu cha kushika mwanga, atomi zinaushika. Ila kwa mbinu hii saa ya kutoka hupangwa kabla mwanga haujaingia. Kuuambia "subiri", kisha kuuita pale unapoutaka, ndiyo kazi iliyobaki.