Picha ikikwama, muulize nyanya hadithi

Kuchora koti la mtu au kiti alichokalia si kazi ngumu. Kazi ni uso. Wachoraji wengi wana picha ya mzazi iliyoegemezwa ukutani kwa miezi, pua ni yake, midomo ni yake, lakini mwenyewe hayumo. Aghalabu kinachokosekana si ufundi wa mkono bali ni kisa.

Mfano mzuri ni wa Akseli Gallen-Kallela, mchoraji wa Finland ambaye mwaka wa 1909 alikuja Kenya na familia yake, akachora zaidi ya picha 150 humu nchini. Kabla ya hapo, mwaka wa 1895, alifiwa na bintiye mdogo. Miaka miwili baadaye alimketisha mama yake mzazi, akamchora kama mama aliyefiwa.

Kisa alikitoa katika Kalevala, mkusanyiko wa nyimbo na ngano za wazee wa Finland uliochapishwa na Elias Lönnrot mwaka wa 1835. Humo, kijana Lemminkäinen anauawa na mwili wake kutupwa katika mto wa kuzimu. Mamake anauopoa kwa reki, anaunga kipande kwa kipande, kisha anamtuma nyuki akamletee dawa ya asali kutoka mbinguni.

Katika picha hiyo, iliyo katika jumba la Ateneum mjini Helsinki, mama ameketi kando ya maiti, lakini haitazami. Ameinua uso juu, anamngoja nyuki. Bila hadithi ungeona majonzi tu. Hadithi imeyapa macho mahali pa kutazama, na majonzi yakawa na tumaini ndani yake.

Nasi, msomaji, hatuna uhaba wa visa. Waluo husimulia juu ya Lwanda Magere, shujaa ambaye nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake. Ikiwa picha ya babu yako haina uhai, pengine unahangaika na ndevu ilhali kivuli nyuma yake hujakigusa. Watu wa pwani nao husimulia jinsi Fumo Liyongo alivyokufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Hapo goti na mabega husema kuliko uso.

Kwa hivyo, kabla ya kutia rangi nyingine, nenda kwa huyo unayemchora. Usimwambie akae kimya. Mwombe akusimulie hadithi aliyoipenda utotoni, na umtazame anapofika pale pa kutisha na pale pa kucheka. Ikiwa amekwisha kufariki, waulize aliowasimulia.

Fanya hivyo mapema. Picha yaweza kungoja ukutani miaka kumi, mzee hawezi. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno.