Gego la Miaka Sita

Jino lenye kazi kubwa kuliko yote katika kinywa cha mtoto huota bila mtu kutangaziwa. Halimsukumi mwenzake, halitoi damu, wala mtoto hapati kijino cha kurusha juu ya paa. Huchomoza nyuma kabisa ya magego ya utotoni, mtoto anapofika miaka sita hivi, na yako manne: mawili juu, mawili chini. Mzazi akionyeshwa kwamba limetoboka huuliza, "Si litang'oka tu, dokta?" Haling'oki. Ni gego la utu uzima, na likioza mtoto akiwa darasa la tatu, imetoka hiyo.

Huoza mapema kwa sababu uso wake una mifereji yenye kina, myembamba kuliko unywele wa mswaki, na kinachoingia humo hakitoki kirahisi. Tena huchukua miezi kadhaa kupanda. Muda wote huo liko chini kuliko majirani zake, na mswaki unaokwenda mbele na nyuma hupita juu bila kuligusa. Mwambie mtoto afumbe kinywa nusu, maana akipanua sana shavu hukaza na mswaki haupati njia. Uingize kutoka pembeni mwa mdomo, uukingamishe na mstari wa meno, ulisugue hilo peke yake. Daktari pia anaweza kuiziba mifereji hiyo kwa gundi maalumu kabla haijatoboka. Hakuna sindano wala kuchimba.

Niliposema "ulisugue" nilikusudia wewe mtu mzima. Mtoto wa miaka mitano anaweza kusimama bombani dakika tano akitoa povu la kutosha, na bado nyuma kote kukabaki utando. Hadi afike miaka saba au minane, amsafishe mama, baba, dada wa kazi au kaka mkubwa. Aliye mdogo zaidi mlaze kichwa mapajani mwako ukiwa nyuma yake, kama anayesukwa nywele: meno yote unayaona, na kukimbia hawezi.

Dawa ya meno iwe na floraidi, na boksi lake lisomeke kati ya 1000 na 1500 ppm. Baadhi ya dawa za watoto zenye katuni na ladha ya stroberi zina kiasi kidogo mno, nyingine hazina kabisa. Geuza boksi usome. Kuanzia jino la kwanza, kwenye miezi sita hivi, hadi miaka mitatu, panatosha kiasi cha punje ya mchele. Baada ya hapo, punje ya njegere. Dawa inayojaza mswaki mzima kwenye matangazo inamfaa muuzaji. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji. Hapo ndipo ninapobishiwa sana, hasa na mabibi waliolea wajukuu kwa kikombe cha maji pembeni, lakini floraidi inayobaki juu ya meno ndiyo inayoendelea kuyakinga baada ya mswaki kuwekwa.

Wazazi wa vijiji vya kuzunguka Mlima Meru huuliza swali jingine, na wana haki. Huko maji mengi yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ni ya kawaida. Je, waache dawa? Hapana. Madoa yale hutokana na floraidi iliyomezwa wakati meno yanajengeka ndani ya taya, katika miaka minane hivi ya mwanzo. La kwanza kwao ni kumtafutia mtoto maji mengine ya kunywa na kupikia, na kupunguza magadi kwenye makande, kwani nayo huwa na floraidi. Punje ya dawa inayotemwa haina tatizo.

Kuhusu sukari, watu huuliza kiasi, wakati swali kubwa ni mara ngapi. Bakteria wa kwenye utando huigeuza sukari kuwa asidi ndani ya dakika chache, na mate huhitaji nusu saa hadi saa nzima kuituliza. Mtoto aliyemaliza kashata nzima baada ya chakula cha mchana ameumia kidogo kuliko aliyeshinda akimung'unya ubuyu wa rangi mmojammoja kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa. Usiku mate hupungua sana, kwa hiyo mswaki wa usiku ndio usiokosekana, na baada yake ni maji matupu tu. Mwezi wa Ramadhani hesabu hubadilika: mtoto hulala na kaimati na tambi za sukari mdomoni, huamshwa kula daku, kisha hurudi kitandani. Apige mswaki baada ya daku, kabla ya adhana.

Magego ya utotoni hukaa hadi miaka kumi au kumi na miwili, na kazi yake mojawapo ni kulinda nafasi. Yaking'olewa mtoto akiwa na miaka mitano, gego la miaka sita husogea mbele, na meno ya kudumu yanayokuja hukuta kiti kimekaliwa. Wengine huletwa na kasoro ya zamani zaidi: walipokuwa wachanga waliharisha na kupata homa, ikasemwa wana meno ya plastiki, na mganga akakwangua fizi na kutoa vichipukizi vya chonge. Miaka kumi baadaye chonge la kudumu limepinda, lina kovu, au halipo. Meno ya plastiki hayapo. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi ya ORS na kituo cha afya.

Baadhi ya watoto hao ndio wanaofika wakiwa na miaka kumi na mitatu kufungwa waya, kwa mamilioni ya shilingi. Waya hunyoosha meno, hauyasafishi. Nimekwishabandua vifungo nikakuta katikati ya kila jino mraba unaong'aa, ule uliofunikwa na gundi, na kuuzunguka pete nyeupe kama chaki. Pete hiyo ni jino lililoanza kuyeyuka, na inaweza kujitokeza ndani ya wiki nne tu za uchafu.

Mwenye waya apige mswaki kwa awamu mbili. Kwanza auinamishe kutoka upande wa fizi, pale kati ya fizi na kifungo, kisha kutoka upande wa pili, chini ya kifungo. Chini ya waya apitishe mswaki mdogo wa katikati ya meno. Mswaki wa mti ni mzuri kwa wengine, ila nyuzi zake hazifiki huko. Akimaliza ajipige picha ya meno kwa simu; simu haina huruma.

Miwa, kashata na barafu za kutafuna ziwekwe kando. Mahindi ya kuchoma si marufuku: yapukuchuliwe kwa mkono, yaliwe punje kwa punje kama ni laini. Embe likatwe vipande. Waya ukichoma shavu, ufunikwe kwa nta inayotolewa kliniki, asiukate kwa mkasi wa kucha.

Waya ukishatolewa hubaki kifaa cha kushikilia meno, kinachovaliwa usiku kwa miaka. Kioshwe kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, kwani ya moto hukikunja, na kikae kwenye boksi lake. Kikifungwa kwenye tishu wakati wa kula, huishia kwenye pipa la taka la kantini. Kikipotea, mtoto arudi kliniki wiki hiyo hiyo, asingoje likizo: baada ya wiki chache meno huanza kurudi yalikotoka, na kifaa kile, hata kikipatikana chini ya kitanda, huenda kisiingie tena.