Milango ya Rufiji Iko Juu, Siyo Mdomoni

Mto Thames una milango ya chuma. Siku za kawaida hulala chini ya maji, meli zikapita. Dhoruba ikisukuma bahari kuelekea London, huinuliwa ikaufunga mto wote, upana wa mita 520. Waingereza waliijenga kwa sababu ya mafuriko ya bahari ya mwaka 1953, yaliyoua watu 307 nchini mwao, nayo ikaanza kazi 1982. Je, tukifunga hivyo mdomo wa Mto Rufiji, wilaya ya Kibiti itapona mafuriko?

Haitapona. Rufiji haina mdomo mmoja. Delta yake imechanika matawi mengi katikati ya mikoko. Tena maji yanayozamisha mashamba ya bondeni, kama ya Muhoro, hayatoki baharini. Ni mvua ya mito inayoulisha, Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, iliyonyesha mbali, pengine huku bondeni jua likiwaka. Ukiyafungia njia ya kwenda baharini, yatalala mashambani.

Ndiyo maana milango yetu iko juu, kwenye Bwawa la Julius Nyerere lililoanza kujazwa Desemba 2022. Bwawa hilo hubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Kazi ya milango hapo ni kupima: maji yaliyoingia kwa kishindo yatoke taratibu, kwa muda mrefu zaidi. Lakini kipimo hicho kinategemea nafasi iliyobaki. Bwawa likishajaa, mwendeshaji hana hiari. Asipofungua, anauhatarisha ukuta wenyewe.

Hapo ndipo penye mvutano. Mzalishaji wa umeme hulipenda bwawa lililojaa, kwani kimo cha maji ndicho nguvu ya mitambo yake tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Anayeogopa mafuriko hutaka masika yalikute lina nafasi. Bwawa ni moja, na matakwa hayo hayatimiziki kwa pamoja.

Aprili 2024 tuliuona mvutano huo. Mvua zilizidi, maji yakafunguliwa, vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti yakafunikwa. Serikali ilisema bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Kihandisi hoja hiyo ina uzito, maana hata bwawa lililojaa hupunguza kilele cha mafuriko. Kwa aliyepoteza mpunga wake, haitoshi.

Wala Warufiji hawaombi mto unyamazishwe. Kilimo cha mlau hutegemea unyevu unaobaki maji yakirudi nyuma, na tope lililorutubisha bonde hilo sasa sehemu yake kubwa hutua bwawani. Mafuriko madogo, kwa wakati wake, ni chakula.

Basi wanaoshika milango hiyo watangaze kabla ya masika ni nafasi kiasi gani imeachwa bwawani. Na kila wanapotaka kufungua, kijiji kiambiwe mapema maji yatafika lini na yatapanda hadi wapi.