Djuma ni Juma? Mtu wa Maniema mbele ya daftari la bima ya afya

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la afisi wala si la lugha, yaani namna mgeni mkaazi anavyojiandikisha katika bima ya afya ya umma. Tumewachagua watu wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili kimekuwa lugha yao tangu nusu ya pili ya karne ya 19, misafara ya Tippu Tip ilipofanya Kasongo kuwa mji na Kabambare kuwa kituo cha njia ya kutoka Ujiji. Pili, vita vilivyoanza 1996, na mapigano yaliyofuata, vimewavusha wengi Ziwa Tanganyika na kuwafikisha Kigoma, Nairobi na hata Ulaya. Mtu huyu akifika katika afisi ya Nairobi hahitaji mkalimani. Hata hivyo aghalabu hukwama. Twadhani kinachomkwamisha si lugha asiyoijua, bali ni maneno anayodhani anayajua, na zaidi ya hayo, tahajia ya jina lake mwenyewe.

Hapana budi kwanza kueleza alikotoka. Kasongo na Kabambare hakuna daftari la umma la bima ambamo kila mkaazi, awe mwenyeji au mgeni, huandikwa. Mwajiri ndiye anayebeba matibabu ya mfanyakazi na jamaa zake, na hivyo ndivyo isemavyo Sheria ya Kazi ya 2002. Mgeni aliyeajiriwa katika mgodi wa dhahabu wa Namoya, wilayani Kabambare, alitazama kampuni yake, si serikali. Sheria ya vyama vya kusaidiana kwa matibabu ilitolewa Februari 2017, lakini kujiunga na chama si sawa na kuandikwa na dola. Asiye na mwajiri wala chama hulipa anapougua.

Wala isidhaniwe kwamba Kasongo ni mahali pasipo historia katika jambo hili. Mradi wa Kasongo, ulioanzishwa 1971 kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, umesomwa na wanafunzi wa afya ya jamii duniani kote. Huko mgonjwa alilipa kiasi kimoja kwa ugonjwa mmoja, badala ya kulipia kila sindano na kila kidonge. Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi, hospitali ilianza 1986 kupokea malipo ya kabla ya ugonjwa. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana: Kasongo palipa ugonjwa ulipofika, Bwamanda palipa kabla. Neno bima ni la mpango wa pili.

Neno lenyewe lilikuja pwani kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na asili yake ni Kiajemi, ambamo *bim* ni hofu. Halikuvuka ziwa. Mtu wa Maniema, aliyesoma shule kwa Kifaransa, hutumia *assurance* au *mutuelle*. Akiambiwa Nairobi alete "namba ya bima" huenda asijue anaulizwa nini, ilhali akifika Kigali atasikia *mituweli* na mara moja ataelewa. Hatari zaidi ni maneno yaliyo pande zote mbili. *Munganga* wa Kongo ni daktari wa hospitali. Tanzania nayo ingali na Mganga Mkuu wa Mkoa, lakini Mkenya akisikia kwamba mtoto "ametibiwa na mganga" hufikiri habari za hirizi. *Mchango*, kwa mtu aliyezoea kuchanga kwa ajili ya matanga na arusi, ni jambo la hiari na la heshima, ambapo katika sheria ya bima ni deni. Nalo *mtegemezi* lachanganya hata wenyeji: je, ni yule anayetegemea, au yule anayetegemewa? Kwenye fomu ni anayetegemea, yaani mke, mume au mtoto aliyeandikwa chini ya mchangiaji.

Tuje sasa kwenye majina, ambako ndiko penye uzito.

Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi, na majina yao ni yale yale ya Ujiji na Unguja. Yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu hayana tofauti. Lakini makarani wa Kibelgiji waliyaandika kwa sikio la Kifaransa. Herufi *j* ya Kifaransa haina sauti ya *j* ya Juma, basi karani akaandika Djuma. Rajabu akawa Radjabu. Sauti ya *sh* kwa Kifaransa ni *ch*, kwa hiyo Shabani aliweza kuwa Chabani. Hiyo ni tahajia tu. Yapo mabadiliko mengine yaliyo ya matamshi hasa. Kiswahili cha bara hakikushika sauti za *th* na *dh*: ya kwanza ikawa *s*, ya pili ikawa *z*. Ndiyo maana Ramadhani ni Ramazani, na Athumani ni Asumani. Kisha, kwa kuwa *s* moja kati ya irabu husomwa *z* katika Kifaransa, karani akaiandika mara mbili, tukapata Assumani. Sauti ya *h* mwanzoni mwa neno ilidondoka, Hamisi akawa Amisi na Hassani akawa Assani. Mwanaisimu hufurahia mifano kama hii, kwa sababu katika jina moja aona tabaka tatu: Kiarabu, Kiswahili cha bara na Kifaransa.

Mashine ya bima haioni tabaka. Yaona watu wawili.

Tuseme mama wa Kabambare ana kadi ya mpiga kura ya Kongo. Kadi hiyo kwa muda mrefu ndiyo iliyotumika badala ya kitambulisho cha taifa, na imeandikwa Assumani. Anapopokewa kama mkimbizi, karani wa Kiafrika Mashariki anayemsikiliza huandika Athumani, maana kwake hilo ndilo jina "sahihi". Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kikiwapo, kina Assumani tena. Siku ya kumwandika mtoto chini ya mama, majina hayalingani, na ombi hurudi. Karani hakukosa adabu wala elimu. Amesanifisha tu, kama tunavyosanifisha sisi katika madarasa yetu.

Kuna na mpangilio. Tangu siasa ya uhalisi ya Mobutu mwaka 1972, Mkongo ana *nom*, *postnom*, na wengi wana *prénom* pia. Mtoto si lazima abebe jina la baba yake, na ndugu wa tumbo moja waweza kuwa na majina tofauti kabisa. Fomu ya Kenya hutazamia jina la baba mwishoni. Hapo cheti cha kuzaliwa ndicho shahidi wa pekee, nacho mara nyingi hakipo, ingawa sheria ya Kongo ya 2009 ya ulinzi wa mtoto yataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90.

Kwa upande wa taratibu, Kenya ndiyo yenye maelezo mengi. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA kwa kifupi, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, chini ya sheria ya 2023. Mgeni anayekaa zaidi ya miezi 12 hujiandikisha. Wa muda mfupi hutakiwa kuwa na bima ya safari. (Wahenga waliompa mgeni jembe siku ya tatu walikuwa na haraka zaidi.) Hati ya msingi ni kadi ya mgeni kutoka Idara ya Uhamiaji, au kitambulisho cha mkimbizi. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba, maji na nishati ya kupikia, kisha hukadiriwa, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Yafaa kujua kwamba kuandikwa peke yake kwafungua mlango wa zahanati na kituo cha afya. Hospitali kubwa hudai mchango uwe umelipwa.

Rwanda iliwaingiza wakimbizi wa mijini katika mituweli mwaka 2019, nako pia kitambulisho ndicho ufunguo. Tanzania, walio Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 mkoani Kigoma, hutibiwa kambini kwa huduma za misaada, na suala la kadi ya bima haliwagusi sana wangali humo. Ubelgiji ni kinyume cha Nairobi: neno *mutuelle* mgeni analijua, tahajia ya jina lake ni ile ile ya Kasongo, na akishaandikwa katika manispaa na kupewa namba ya taifa huchagua mfuko autakao, au mfuko wa umma usiodai ada ya uanachama. Ajabu ni kwamba Djuma apita kwa urahisi Brussels kuliko katika mji unaosema lugha yake.

Karatasi ya kwanza anayopewa mgeni ndiyo inayotawala zote zijazo. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, aombe jina liandikwe herufi kwa herufi kutoka hati ya Kongo, hata karani akisema limekosewa. Likiwa limekwisha kuandikwa vingine, masahihisho huombwa kwanza kwa idara iliyotoa kitambulisho, si kwa afisi ya bima, kwa kuwa bima hunakili tu kilicho katika daftari lile. Na anapofika hospitalini, ataje namba yake kabla ya jina.