Je, Wajua? Masharti ya Soko la Kariokor
Mnunuzi wa viondo katika soko la Kariokor, Nairobi, anayesema "Ukinipunguzia bei, nitachukua viwili", huwa ametumia sentensi ya masharti, yaani sentensi ambayo tendo moja hutegemea jingine, ambapo -ki- hubeba sharti na -ta- hubeba tokeo. Kiingereza nacho hugawa kazi vivyo hivyo: kitenzi kinachofuata "if" hubaki katika wakati uliopo, na "will" hukaa kwenye tokeo pekee. Utata, na hapa ndipo wengi hunaswa, huanza sentensi inapozungumzia jambo lililopita ambalo halikutukia. Kwa mfano: Vita vya 1914–1918 visingalizuka, mtaa wa Kariokor usingaliitwa kwa jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza. Kiswahili sanifu hurudia -ngali- pande zote mbili, jambo linalomshawishi mwanafunzi kuandika "would have" mara mbili, ilhali Kiingereza sanifu hudai "had" na kitenzi cha hali timilifu baada ya "if", na "would have" katika tokeo tu.